Mwenzako wa Nuristan anaongea lugha gani? Jibu kwa msomaji wa Sharjah

Swali: "Nafanya kazi kwenye ghala hapa Sharjah pamoja na Waafghani. Mmoja wao tulidhani ni Mpashtuni, maana Kipashto anakiongea vizuri, lakini akipigiwa simu na mama yake huongea lugha ambayo hata Waafghani wenzake hawaelewi neno. Anasema yeye ni Mnuristani. Nimesoma huku na kule: wengine wanaandika kwamba Wanuristani ni wazao wa askari wa Aleksanda Mkuu, wengine kwamba ni Wahindi waliopotelea milimani. Ukweli ni upi? Lugha yao ni jamaa ya Kiajemi, ya Kihindi, au ya nani? Na je, itadumu?"

Ndugu msomaji, lugha ya mwenzako si ya Kihindi wala ya Kiajemi. Ina undugu na zote mbili, ila iko kwenye tawi lake yenyewe, na tawi hilo ni dogo: wazungumzaji wake wote hukadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki moja na nusu. Habari za askari wa Aleksanda nitazirudia, lakini usitegemee mengi kutoka huko.

Kuna jambo hukuuliza, nami naona ndilo la kuanza nalo. Hakuna lugha moja inayoitwa Kinuristani. Hilo ni jina la nchi, tena jina la juzijuzi, lililowekwa juu ya lugha tano au sita ambazo wenyewe hawaelewani. Kwa hiyo huenda kwenye ghala lenu wakawepo Wanuristani wawili wakalazimika kuzungumza Kipashto baina yao.

Ili uelewe kwa nini, tazama nchi yenyewe. Nuristan iko kaskazini mashariki mwa Afghanistan, kwenye mteremko wa kusini wa milima ya Hindu Kush, ikipakana na Chitral iliyo Pakistan. Mito hushuka kutoka kwenye theluji, hukata mabonde membamba yenye kuta za miamba, halafu huingia mto Kunar au Alingar, na yote huishia mto Kabul. Nyumba za mbao na mawe hujengwa kwenye mteremko, moja juu ya nyingine, kiasi kwamba dari ya jirani wa chini ndiyo ua wa jirani wa juu. Mashamba ni matuta madogo ya ngazi yanayolimwa na wanawake, na wanaume huchunga mbuzi, hupandisha mifugo malisho ya juu wakati wa kiangazi na kutengeneza jibini na samli. Kati ya bonde na bonde kuna njia za juu sana ambazo theluji huzifunga kwa miezi. Watu wanaoishi hivyo kwa maelfu ya miaka hawawezi kubaki na lugha moja.

Mashariki, kwenye bonde la Landay Sin, ambalo vitabu vya zamani huliita Bashgal, wanaishi Wakata upande wa juu kuzunguka Bargimatal, na Wakom upande wa chini kuzunguka Kamdesh. Wakata wengine wako mbali magharibi, mabonde ya Ramgel na Kulem. Usemi wao, Kata-vari na Kamviri, ni lahaja za lugha moja, ambayo ndiyo yenye watu wengi kuliko zote. Vitabu vingi huiita Kati. Juu kabisa ya mto Pech, kwenye bonde la Parun, kuna vijiji sita vya watu wanaojiita Vasi. Lugha yao ni Vasi-vari, na majirani pamoja na wanaisimu huiita Kiprasun. Kusini kuna bonde la Waigal na lugha yake Kalasha-ala, yaani Kiwaigali. Upande wa magharibi kuna Kiashkun, kinachosemwa Wama na vijiji vya jirani. Kisha kuna Kitregami, lugha ya vijiji vitatu tu: Gambir, Katar na Devoz. Ya mwisho kuingia kwenye orodha ya wanaisimu ni Kizemiaki, usemi wa kijiji kimoja cha mkoa wa Kunar, wenye wazungumzaji mamia machache, ulioandikiwa maelezo miaka ya 1990. Uko karibu na Kiwaigali, na ndiyo sababu nikasema lugha ni tano au sita: inategemea kama Kizemiaki unakihesabu peke yake au la.

Hapo kwenye jina Kalasha ndipo wasomaji wengi wanapopotea, na nadhani hata makala ulizosoma zimepotea hapo. Wale Wakalasha wanaopigwa picha sana, wanawake waliovaa magauni meusi yaliyotariziwa na kofia za simbi, wanaishi mabonde ya Bumburet, Rumbur na Birir huko Chitral, upande wa Pakistan. Lugha yao ni Kalasha-mun, nayo ni ya ukoo wa Kihindi-Kiarya, jamaa wa mbali wa Kihindi na Kiurdu. Watu wa Waigal nao hujiita Kalasha, lakini Kalasha-ala yao ni ya tawi la Kinuristani. Jina ni moja, watu ni majirani, dini yao ya zamani ilifanana kwa mengi, ila lugha ni za matawi mawili. Ukisoma makala inayochanganya hao wawili, usiiamini na mengineyo.

Sasa undugu. Mtu aliyeuweka wazi ni Georg Morgenstierne, mwanaisimu wa Norway, aliyefika Kabul mwaka 1924. Kabla yake wataalamu walikuwa wakizitupia lugha hizi mara upande wa India, mara upande wa Iran, kwa kuokoteza maneno yanayofanana. Morgenstierne alikusanya msamiati kutoka kwa wazungumzaji wenyewe, akaulinganisha sauti kwa sauti.

Njia hiyo unaweza kuielewa kwa Kibantu. Sisi tunasema tatu, Waganda wanasema ssatu, Wazulu thathu. Kufanana tu hakutoshi. Kinachotoa ushahidi ni kwamba tofauti zenyewe zina utaratibu: sauti fulani ya lugha hii hujibiwa na sauti fulani ya lugha ile, neno baada ya neno. Maana maneno huazimwa. Sita, saba na tisa zetu ni za Kiarabu, na mtu angetupima kwa namba hizo peke yake angetuhesabu Waarabu. Utaratibu wa sauti hauazimwi kirahisi hivyo, na huo ndio Morgenstierne alioufuata.

Chukua namba kumi. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni *dasha*, yenye sauti iliyo karibu na sh yetu. Avesta, lugha ya vitabu vitakatifu vya Iran ya kale, ina *dasa*, na Kiajemi cha leo kimelegeza zaidi kikasema *dah*. Kikati kinasema *duts*. Hiyo "ts" ya mwisho, ile wanayoisema Wagiriama kwenye *tsi*, nchi, ndiyo hazina yenyewe. Wanaisimu waliokwisha kulinganisha lugha zote za ukoo huu walikuwa wamekata shauri kwamba Wahindi na Wairani, kabla hawajaachana, lazima walikuwa na sauti ya namna ya "ts" mahali hapo, kwa sababu ndiyo peke yake inayoweza kuzaa sh upande mmoja na s upande wa pili. Wahindi waliipoteza kabla nyimbo za Veda, maandiko matakatifu ya kale ya India, hazijatungwa. Wairani nao waliipoteza kabla ya Avesta. Mchungaji wa mbuzi wa Kamdesh anaitamka mpaka leo kila akihesabu mifugo yake.

Namba saba inaonyesha upande mwingine. Kisanskriti *sapta*, Kiajemi *haft*, Kikati *sut*. Wairani waligeuza s ya mwanzo kuwa h. Wanuristani hawakugeuza, wako sawa na Wahindi. Ungesema basi ni Wahindi. Lakini Wahindi wamehifadhi zile konsonanti za pumzi, bh, dh na gh, kama kwenye *bhratar*, ndugu. Wairani wameziondolea pumzi, ndiyo maana Kiajemi husema *baradar*. Wanuristani nao wameziondolea. Hapo wako na Wairani. Na kuna mahali ambapo hawako na yeyote: panya kwa Kisanskriti na kwa Kiajemi ana sh au sauti jirani yake, *mush*, kwa sababu s iliyofuata sauti u iligeuka kote kuwili, Kikati kinasema *musa*, s imebaki s.

Ndugu aliye na baba yule yule wa wale wawili, asiyefanana sawasawa na yeyote kati yao, hawezi kuwa mtoto wa mmoja wao. Ndiyo hukumu ya Morgenstierne baada ya miaka mingi ya kazi, na ndiyo ninayoifuata. Wapo wataalamu wanaoona kwamba mababu wa lugha hizi walianza wakiwa karibu zaidi na Wairani, kisha wakahamia milimani na kukaa chini ya mvuto wa majirani wa Kihindi-Kiarya kwa karne nyingi. Hoja hiyo ina nguvu, hasa kwa zile konsonanti zilizopoteza pumzi. Lakini hata wao hawakatai kwamba kuachana kulitokea zamani sana, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na hilo tu linatosha kuzipa lugha hizi mahali pao.

Ndani ya tawi lenyewe Kiprasun ni cha ajabu kuliko vyote. Kumi kwa Kikati ni *duts*, kwa Kiprasun ni *leze*. Mkono kwa Kikati ni *dusht*, kwa Kiprasun ni *lust*. Ukiyaweka maneno mawili mawili namna hiyo unaona kwamba pale Mkata anaposema d mwanzoni, Mvasi anasema l. Ndugu wa bonde la pili, wanaotenganishwa na mlima mmoja, na bado mtu akisikia kwa mara ya kwanza hawezi kuamini kwamba ni lugha jamaa. Na hapo wasafiri wa zamani walipotoshwa na nguo. Wao waliwagawa watu wa huko kwa mavazi: "wenye mavazi meusi," yaani Wakata na Wakom waliovaa nguo nzito za manyoya ya mbuzi, na "wenye mavazi meupe," yaani Waigal, Ashkun na Parun. Lakini lugha ya Parun iko mbali na ya Waigal kama ilivyo mbali na ya Kamdesh.

Kuna jambo lingine la Kiprasun ambalo nalipenda kuliko yote, na unaweza kumuuliza mwenzako kama lugha yake inafanya hivyo, maana Kamviri nayo imejaa mambo hayo. Sisi tukisema "nenda pale" tumemaliza. Wao hawawezi kumaliza hapo. Msemaji lazima aonyeshe kama mahali hapo ni juu kwa kufuata mto unakotoka, au chini kwa kufuata mto unakokwenda, au ni kupanda mteremko, au kushuka mteremko, au ng'ambo ya mto. Tena kama panaonekana au hapaonekani. Vipande vidogo vya kueleza mambo hayo hujishika kwenye vitenzi na vielezi, hata kwa kitu kilicho ndani ya nyumba. Ramani ya bonde imo ndani ya sarufi. Mtoto anayejifunza kuongea anajifunza pamoja nayo maji yanatoka wapi. Mwanaisimu Mmarekani Richard Strand, aliyeanza kazi Nuristan mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuishi na Wakom, amezieleza vizuri njia hizo za kutaja mahali.

Sasa historia, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mwenzako huenda asipende kuulizwa mambo ya mababu zake mbele za watu.

Hadi mwaka 1896 nchi hiyo haikuitwa Nuristan. Iliitwa Kafiristan, na jina hilo Mswahili hahitaji kufasiriwa. Walikuwa wamezungukwa na Waislamu pande zote, nao wakabaki na dini yao ya miungu mingi. Timur, yule mfalme mtekaji wa Asia ya Kati, aliwapiga vita mwaka 1398 akipita kwenda Delhi, akashindwa kuwashika. Kila bonde lilitawaliwa bila mfalme, kwa mabaraza ya wakubwa, na mtu alipanda cheo kwa kutoa karamu: alichinja mbuzi na ng'ombe kwa mamia, akalisha kijiji kwa siku nyingi, mwishowe akaruhusiwa kuvaa mapambo fulani na kuchonga nguzo za nyumba yake kwa michoro fulani. Mafundi wa mbao na chuma waliofanya kazi hiyo nzuri walikuwa tabaka la chini kabisa, wengi wao watumwa, na hilo nalo lisemwe, kwa sababu wapo wanaoisifia Kafiristan ya zamani kana kwamba ilikuwa pepo.

Mgeni wa Ulaya aliyeiona na kuiandika kwa kirefu ni mmoja tu, George Scott Robertson, daktari na ofisa wa Kiingereza, aliyekaa Kamdesh mwaka 1890 na 1891. Alifika hadi Parun, akaliona hekalu kubwa la Imra huko Kushteki, jengo la mbao lenye sanamu kubwa za kuchongwa. Imra ndiye aliyekuwa mungu mkuu, muumba. Baada yake walikuwapo Gish, mungu wa vita aliyependwa na Wakom na Wakata, Bagisht wa maji, Mon, na mungu mke Disani.

Jina Imra linastahili kusimamiwa kidogo. Wanaisimu wamelifuata nyuma hadi *Yama raja*, Yama mfalme. Waprasun walimwita Mara. Yama huyo huyo yuko India, na huko ni mfalme wa wafu. Yuko Iran kwa jina la Yima, yule Jamshid wa hadithi za Kiajemi, mfalme wa zama za neema. Na huku milimani akawa muumba wa vyote. Mtu mmoja wa hadithi za kale, watoto watatu wamemkumbuka kwa namna tatu, na hayo ndiyo yale yale tuliyoyaona kwenye namba kumi.

Mwaka 1893 mpaka wa Durand uliwekwa kati ya Afghanistan na India ya Waingereza, na miaka miwili baadaye Waingereza wakakubali bonde la Bashgal liwe upande wa Amiri Abdur Rahman Khan. Amiri alikuwa na hofu: Warusi walikuwa wanashuka kutoka milima ya Pamir na Waingereza walikuwa wamefika Chitral, na kati yao kulikuwa na nchi isiyo na serikali. Majira ya baridi ya 1895 kwenda 1896, wakati theluji imefunga njia za kukimbilia, majeshi yake chini ya sipahsalari, yaani jemadari mkuu, Ghulam Haidar Khan Charkhi yaliingia kutoka pande kadhaa. Wenyeji wengi walikuwa na pinde, mikuki na majambia. Askari walikuwa na bunduki na mizinga. Vita vilikwisha upesi. Mahekalu yalichomwa, mullah walipelekwa vijijini, vijana wengi wakachukuliwa Kabul kusomeshwa na kuingizwa jeshini. Nchi ikapewa jina jipya, Nuristan, nchi ya nuru. Lile la Kushteki, hekalu aliloliona Robertson, halikubaki.

Wakalasha wa Chitral walisalimika kwa sababu moja tu: mpaka uliwaacha upande wa Waingereza. Baadhi ya Wakata walikimbilia huko huko Chitral na dini yao, na mwaka 1929 Morgenstierne alimkuta mmoja wa wale wachache waliokuwa hawajasilimu, akaandika kutoka kinywani mwake tenzi za miungu kwa Kikati. Baada ya miaka michache hakukuwa tena na mtu wa kuziimba. Wajukuu wa wakimbizi hao wangali huko, ni Waislamu, na Kikati wangali wanakisema.

Sanamu kadhaa za mababu na miungu zilipelekwa Kabul kama nyara, zikaja kuwekwa kwenye makumbusho ya taifa. Mwaka 2001 Taliban walizivunja kwa mashoka pamoja na sanamu nyingine za makumbusho hayo. Baadaye mafundi walizikusanya vipande wakaziunganisha, na nyufa zinaonekana.

Nakuomba usisome hayo kwa haraka ukafikiri Wanuristani wa leo ni watu waliolazimishwa ambao mioyo yao iko kwingine. Vizazi vimepita, nao ni Waislamu wa dhati. Mwaka 1978, serikali ya kikomunisti iliposhika Kabul, Nuristan ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa kuasi, na waliasi kwa jina la dini. Kwa hiyo mtu wa Kamdesh akikuambia hataki kuitwa mjukuu wa makafiri, ana haki yake. Na mwingine akikuambia anaona fahari juu ya michoro ya babu yake, naye ana haki.

Sasa Aleksanda. Alipita maeneo hayo kweli, mwaka 327 na 326 kabla ya Kristo, akipigana kwenye mabonde ya Kunar na Swat. Kupita ndiko kulikotokea. Kama askari wake wangekuwa ndio chanzo cha watu hawa, tungekuta Kigiriki mahali fulani: kwenye namba, kwenye majina ya ndugu, kwenye majina ya miungu, kwenye sarufi. Hakipo. Namba nimekuonyesha, na mungu wao mkuu nimekuonyesha jina lake linatoka wapi. Watu wenye macho ya rangi ya kijani au nywele za kahawia wapo huko, kama walivyopo Pamir na Kashmir. Hadithi ya Wagiriki ilienezwa sana na watu wa Ulaya waliokuwa wanatafuta jamaa zao mbali na nyumbani, na wenyeji nao wamejifunza kuirudia kwa wageni. Ubaya wake ni kwamba inawapa watu hawa ukoo wa miaka 2,300 mahali ambapo wana ukoo mkongwe zaidi, tena wenye ushahidi.

Umeuliza kama itadumu. Hapo lazima tuachane na neno "lugha" kwa umoja. Kikati kina maelfu mengi ya watu, kina wasemaji pande mbili za mpaka, na mabonde yake yako mbali na barabara kubwa. Sikihofii kwa kizazi hiki. Kitregami na Kizemiaki viko sehemu za chini za mabonde, karibu na Wapashtuni na barabara, na vina watu wachache. Hivyo viwili navihofia sana. Kiprasun kina watu elfu chache tu, lakini kiko juu kabisa, na Parun ndiyo makao makuu ya mkoa. Hilo lina faida yake na hatari yake, kwa kuwa ofisi, shule na soko huja na Kipashto na Kidari, yaani Kiajemi cha Afghanistan.

Katiba ya Afghanistan ya mwaka 2004, kifungu cha 16, iliitaja "Kinuristani" miongoni mwa lugha zinazoweza kuwa lugha rasmi ya tatu mahali ambapo ndiyo ya wengi. Ilikuwa heshima kubwa, na wengi walifurahi. Lakini neno lenyewe lilibeba tatizo lake. Ukitaka kuandika kitabu cha darasa la kwanza cha Kinuristani, unaandika kwa usemi upi? Ukichagua Kikati, mtoto wa Wama umempa lugha ya kigeni ya tatu juu ya Kipashto na Kidari. Majaribio ya kuandika yapo, kwa herufi za Kiarabu zilizoongezwa alama kama zinavyoongezwa kwa Kipashto, kwa sababu lugha hizi zina aina tatu za sauti mahali ambapo sisi tuna "ch" tu: ts, ch, na ch nyingine inayosemwa kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma. Maandishi hayo ni machache, na tangu 2021 katiba ile haitumiki tena.

Kazi kubwa kuliko zote ya kuhifadhi, kwa maoni yangu, imefanyika kwa Kiprasun. Mjerumani Georg Buddruss alifika Parun mwaka 1956, wakati bado walikuwapo wazee waliokuwa watoto siku za dini ya zamani. Walimsimulia: jinsi Mara alivyoumba, jinsi miungu ilivyogombana, sala zilizosemwa wakati wa kuchinja. Alirudi tena mwaka 1970. Maandishi hayo yalikaa makabatini miongo mingi, hadi yeye na Almuth Degener walipoyatoa pamoja na msamiati na sarufi katikati ya miaka ya 2010. Wazee wale wote walikuwa wamekwisha kufa. Leo mtu wa Parun akitaka kujua babu wa babu yake aliomba kwa maneno gani, anaweza kuyasoma kwa lugha yake mwenyewe, na hiyo ni bahati ambayo makabila mengi, ya kwetu yakiwemo, hayakuipata.

Kwa huyo mwenzako, basi, nakushauri umuulize anatoka bonde gani, badala ya kumuuliza kama anasema Kinuristani. Akisema Kamdesh, ni Mkom na lugha yake ni Kamviri. Akisema Bargimatal, ni Mkata. Akisema Waigal, mwambie umesikia kwamba lugha yao ni Kalasha-ala, halafu usimtajie wale wa Chitral mpaka mwenyewe awataje. Akisema Parun, muombe akuhesabie mpaka kumi, na usikilize kama mwisho atasema *leze*. Na kama anatoka Gambir, Katar, Devoz au Zemyaki, na anakubali, mrekodi kwa simu yako akizungumza na mama yake, au akieleza jinsi jibini inavyotengenezwa, kisha umpe yeye nakala. Kwa vijiji hivyo, dakika kumi za sauti safi ni nyingi kuliko unavyodhani.